Kuku Mzima, Moto Juu na Chini

Sisi wa soko la Feri, Dar es Salaam, tumezoea samaki: ukimnunua asubuhi, mchana keshaliwa, na jikoni hakuchukua hata nusu saa. Kuku wa kienyeji hataki haraka hiyo. Ametembea maisha yake yote, nyama imekaza, na ukimbanika mbichi atakauka nje huku paja likigoma meno. Lazima kwanza alainike kwa maji na moto mdogo, ndipo apate rangi.

Kazi huanzia sokoni, iwe Kisutu au Shauri Moyo. Wengi wa kienyeji hutoka Singida na Dodoma. Usidanganywe na manyoya. Mshike, umpime uzito mkononi, kisha ubonyeze ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda kidogo, bado kijana, mchukue. Jogoo mwenye kucha ndefu za kupigania ni wa mchuzi. Uliza pia kama si kuku wa mayai aliyeacha kutaga, maana nao huuzwa: supu yao tamu, nyama yao ngumu.

Akishanyonyolewa, mbabue vinyweleo kwa moto, toa mapafu yaliyong'ang'ania mgongoni, na ukate kitezi cha mafuta juu ya mkia. Mwoshee ndani ya beseni. Bomba likifunguliwa kwa nguvu, maji hurukia kachumbari na vyombo, nayo yamebeba vijidudu.

Mjaze tumboni tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na nusu ndimu, umfunge miguu kwa uzi. Maji yafike nusu ya kimo chake, chumvi kidogo, funika. Moto uwe wa kutokota tu, saa moja hadi moja na nusu, ukimgeuza mara moja. Mtoe uma ukipenya pajani huku kiungo hakijaachia. Akipitiliza hapo atavunjika mikononi. Wa kisasa usimchemshe hivi, robo saa inamtosha.

Wakati huo kuna nazi. Kamua tui zito la nazi moja, lipike na bizari ya manjano, pilipili, saumu na chumvi, ukikoroga bila kuacha mpaka lianze kutoa mafuta. Ndimu ikamulie mwishoni, ukishaepua, tui lisikatike.

Oveni si lazima. Anayejua kupalilia wali anajua kupika kuku huyu. Tandika vipande vya viazi na vitunguu chini ya sufuria nzito asigande, mlaze kidari juu, mpake tui kila upande. Funika kwa mfuniko wa bati. Makaa mengi yakae juu, chini yabaki machache, kwa sababu rangi hutoka juu na tui huungua upesi chini. Kila baada ya dakika 10 funua, paka tena. Dakika 30 hadi 40 zinatosha kuku aliyechemshwa. Wa kisasa mwongezee muda. Choma paja karibu na mfupa: maji yatoke meupe bila wekundu. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 74.

Mwache dakika 10 kabla ya kumkata, maji ya nyama yasimwagike kwenye sinia. Supu uliyomchemshia usiimwage. Ichuje, uipikie wali siku hiyohiyo.