Kutoka hu- hadi -me-: Vipindi vya watoto vinapotungwa upya na mashabiki

0. Utangulizi

Kwa muda sasa mashabiki wa vipindi vya zamani vya watoto wamekuwa wakivitunga upya kwa ajili ya watu wazima. Mashujaa waliokuwa wakicheka wanalia, rangi zilizong'aa zimefifia, na damu ambayo haikuonekana kamwe inamwagika mbele ya kamera. Kazi nyingi za aina hii hufanywa bila idhini ya wenye haki miliki na husambazwa bure kwenye intaneti. Wanaozisifu na wanaozilaani hutumia neno lilelile: giza.

Katika makala haya ninadai kwamba neno hilo halitoshi. Giza ni rangi ya juu tu. Kinachogeuka chini yake ni jambo tunalolifahamu katika isimu, yaani hali ya kitenzi. Kipindi cha watoto husimuliwa katika hali ya mazoea, ile ambayo Kiswahili sanifu huionyesha kwa hu-. Toleo la mashabiki husimuliwa katika hali timilifu, ile ya -me-, ambamo tendo likishatendeka huacha alama. Nitalieleza dai hili kwa mfano mmoja mkuu, filamu fupi Power/Rangers ya mwaka 2015. Kisha nitailinganisha na kazi nyingine mbili, na mwishoni nitaonyesha kwa nini suala hili linamgusa msomaji wa Kiswahili nchini Kongo.

1. Matini chanzi ambayo yenyewe ni tafsiri

Kipindi Mighty Morphin Power Rangers kilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 Agosti 1993. Kinahusu vijana watano wa shule, wakazi wa mji wa kubuni uitwao Angel Grove, wanaopewa uwezo wa kugeuka mashujaa wenye mavazi ya rangi na kofia za chuma. Lakini kipindi hicho hakikuanzia Marekani. Kampuni ya Saban ilichukua picha za mapigano kutoka kipindi cha Kijapani, Kyōryū Sentai Zyuranger cha mwaka 1992, ikazichanganya na picha mpya za waigizaji Wamarekani. Kofia zinafunika uso, kwa hiyo mtazamaji hatambui kwamba anayepigana si yule aliyekuwa akizungumza dakika moja kabla.

Kila tafsiri ina mahali inapomsaliti mwenye kuifanya. Shujaa wa manjano katika kipindi cha Kijapani ni mwanamume. Katika kipindi cha Kimarekani ni msichana aitwaye Trini. Mwenye kusimulia kwa Kiswahili asingepata taabu hapo, maana kiambishi a- hakisemi kama mtendaji ni mke au mume.

Badiliko la pili ni zito zaidi. Katika Zyuranger, shujaa wa kijani, Burai, ana muda mfupi tu wa kuishi, na hatimaye anafariki. Katika toleo la Marekani shujaa wa kijani, Tommy, hapotezi uhai bali nguvu zake, na baadaye anarudi akiwa shujaa mweupe. Tukumbuke kwamba Zyuranger nacho kilikuwa kipindi cha watoto. Maana yake ni kwamba mauti hayakuingizwa na mashabiki wa mwaka 2015 katika hadithi isiyoyajua. Yalikuwamo tangu Japani, yakaondolewa njiani. Hivyo hatuwezi kusema kwamba mauti ni mada ya watu wazima na kucheka ni mada ya watoto, kisha tukafunga mjadala. Tofauti tuitafute mahali pengine.

2. Sarufi ya hu-

Yeyote aliyetazama kipindi hiki cha Marekani anaweza kufupisha sehemu zake nyingi kwa sentensi moja: Rita hutuma zimwi, vijana hugeuka mashujaa, zimwi hukuzwa likawa kama jengo, vijana huunganisha mashine zao, hushinda, kisha hurudi shuleni wakicheka. Gérard Genette, katika Figures III (1972), aliuita usimulizi wa kimazoea ule unaosema mara moja kile kilichotokea mara nyingi. Kila sehemu ya Power Rangers ina tukio lake, lakini muundo wake unatualika tuisikie kama mazoea.

Umberto Eco alikwisha kuona jambo la karibu na hili mwaka 1962 alipoandika juu ya Superman. Shujaa wa aina hiyo, alisema, hana budi kutenda, lakini kila tendo la kweli lingemsogeza karibu na uzee na kifo. Kwa hiyo wasimulizi huuacha wakati wa hadithi uwe kama ndoto, ili la jana lisiwe mzigo wa leo.

Hali ya hu- ina sifa mbili zinazotufaa hapa. Kwanza, haijishughulishi na matokeo. Ninaposema "adui huja", sijasema kwamba yupo mlangoni sasa wala kwamba alivunja kitu alipokuja mara ya mwisho. Ndivyo ilivyo Angel Grove, ambako hata askari wa kawaida wa Rita wamefinyangwa kwa udongo: wakipigwa, hakuna wa kuzikwa. Pili, kitenzi cha hu- hakichukui kiambishi cha nafsi. Mtendaji anaweza kubadilika na kitenzi kisitikisike. Waigizaji watatu walipoondoka katika msimu wa pili, hadithi ilisema kwamba wahusika wao wamechaguliwa kwenda kwenye mkutano wa amani Uswisi. Nafasi zao zikachukuliwa na Rocky, Adam na Aisha, na mapigano yakaendelea kama kawaida.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi niongeze kwamba hoja hii haitegemei umbo hu- lenyewe, ambalo kwetu halisikiki sana mitaani. Tunasema "anakuyaka", "banashindaka", kwa kiambishi -ak- kinachofanya kazi ileile, kama ilivyo pia katika Lingala. Umbo ni tofauti, hali ni moja.

3. Power/Rangers: -me- inapoingia

Filamu Power/Rangers ilitolewa Februari 2015. Iliongozwa na Joseph Kahn, anayejulikana zaidi kwa video za muziki, na mtayarishaji wake ni Adi Shankar. Ina urefu wa dakika 14 hivi. Katee Sackhoff anaigiza Kimberly, aliyekuwa shujaa wa waridi, na James Van Der Beek anaigiza Rocky, yule aliyechukua nafasi ya mwenzake katika msimu wa pili. Sasa Rocky yupo upande wa adui wa zamani. Amemkalisha Kimberly kwenye chumba cha mahojiano, anamuuliza Tommy yuko wapi, na katika kuuliza anamsimulia jinsi wenzao walivyokufa.

Tukiangalia msamiati, filamu hii ni mwaminifu mno. Majina ni yaleyale, rangi zilezile, kofia zilezile, maadui walewale. Ukiorodhesha nomino zake, utadhani ni sehemu nyingine ya kipindi. Ni vitenzi vilivyobadilika. Vita vimepiganwa. Wenzao wamekufa. Rocky amehamia kwa adui. Kimberly amekua mtu mzima. Mahojiano yenyewe ni aina ya mazungumzo isiyoweza kuendeshwa kwa hu-, kwa kuwa mhoji anataka kujua nani alifanya nini, wapi na lini. Kiambishi cha nafsi kimerudi kwenye kitenzi.

Hapo ndipo tunapoona kwamba damu si kiini cha filamu. Ondoa damu yote, bakiza mahojiano peke yake, na bado kipindi cha mwaka 1993 kitakuwa kimepinduliwa. Kinyume chake, weka damu katika kila pigano la Angel Grove huku kila sehemu ikianza upya bila kumbukumbu, na utapata kipindi cha watoto chenye rangi nyekundu nyingi.

4. Kejeli au la? Swali la isimu mbele ya sheria

Siku chache baada ya filamu kutolewa, iliondolewa Vimeo na YouTube kufuatia malalamiko ya Saban kuhusu haki miliki, kisha ikarudishwa baada ya maelewano. Shankar alisisitiza kwamba haikuwa bidhaa ya kuuzwa.

Swali la kisheria katika mambo haya linagusa uwanja wetu. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Campbell na Acuff-Rose iliyohusu wimbo wa kundi la 2 Live Crew, ilikubali kwamba parodia inaweza kuwa matumizi halali ya kazi ya mwingine. Kwa hiyo mtu anayetunga upya kazi ya wengine ana faida kubwa akionyesha kwamba anaikosoa kwa kuicheza. Lakini Power/Rangers haichekeshi waziwazi. Genette, katika Palimpsestes (1982), alitenga parodia, ambayo ni mchezo, na ugeuzaji wa dhati, ambao huchukua hadithi ya zamani na kuipa uzito mwingine. Filamu ya Kahn inasimama katikati: ukali wake wote umewekwa juu ya majina ya kitoto, na kejeli yake, ikiwapo, imo katika kutotabasamu. Anayeamua kama hiyo ni parodia anasoma rejesta kabla ya kusoma sheria. Kazi hiyo ya kusoma rejesta ndiyo tuliyofundishwa, na uhuru wa watu kusimulia upya hadithi walizokua nazo unaitegemea kwa kiasi fulani.

5. Mifano miwili ya kulinganisha

Mwaka 2019 Morgan Cooper alitoa video fupi aliyoiita Bel-Air. Aliichukua The Fresh Prince of Bel-Air, vichekesho vya familia vilivyoonyeshwa kati ya 1990 na 1996, akaifanya hadithi nzito. Katika vichekesho, ugomvi uliomfanya kijana Will ahamishwe Philadelphia unatajwa haraka kwenye wimbo wa ufunguzi. Wimbo hurudi kila wiki, nao ugomvi hurudi ukiwa mwepesi vilevile. Cooper aliusimamisha pale na kuuliza umemwacha Will katika hali gani. Will Smith aliipenda kazi hiyo, na Februari 2022 tamthilia kamili ilianza kwenye Peacock. Mbinu ilikuwa ileile ya Kahn, lakini mwenye hadithi alifungua mlango.

Mfano wa pili si toleo la shabiki, lakini unatupa upande wa pili wa sarafu. Don't Hug Me I'm Scared ya Becky Sloan na Joseph Pelling, iliyoanza Uingereza mwaka 2011, ina vikaragosi vinavyofundishwa kwa nyimbo, kama katika vipindi vya elimu kwa watoto wadogo. Kahn alibakiza majina akabadilisha rejesta. Sloan na Pelling walibakiza rejesta ya somo la watoto, wakaiacha ioze kutoka ndani. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2014, saa inafundisha maana ya wakati, na vikaragosi, ambavyo kwa kawaida havizeeki, vinaanza kuzeeka na kuoza. Sijaona mfano ulio wazi zaidi wa hu- inayogeuzwa kuwa -me- mbele ya macho ya mtazamaji.

6. Neno "kadogo"

-me- ikishaingia katika Power Rangers, swali moja haliepukiki: nani aliwatuma vijana wa shule vitani? Katika kipindi cha mwaka 1993 halisikiki, kwa kuwa vita ni mazoea, kama mvua. Katika filamu ya mwaka 2015 linasikika kila mara Rocky anapomtaja aliyekufa.

Kiswahili cha Kongo hakikungoja filamu ili kulijibu. Tangu vita vya AFDL vya 1996 na 1997 tuna neno "kadogo", mtoto askari. Mofolojia yake ni ya upole: ka- ya udogo na kivumishi -dogo, vipande ambavyo mama humwitia mtoto wake mchanga. Matumizi yake ndiyo yaliyoubeba uzito. Tarehe 14 Machi 2012, hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani, huko Ituri, watoto wa chini ya miaka 15. Neno moja limebeba rejesta ya malezi na rejesta ya vita pamoja, na hakuna shabiki aliyelibuni.

Ndiyo maana nina malalamiko dhidi ya Power/Rangers. Inalifungua swali hilo, kisha haikai nalo. Mwishoni inarudi kwenye pigano na adui aliyejificha, yaani kwenye hu- ileile iliyokuwa imeiacha. Wafu wametajwa, hawajaliliwa. Burai wa Zyuranger alipewa maombolezo ndani ya kipindi cha watoto. Wenzake Kimberly, ndani ya filamu ya watu wazima, wamepewa orodha.

7. Hitimisho

Nimeonyesha kwamba tofauti kati ya kipindi cha watoto na toleo lake la giza haimo katika mada bali katika hali: mazoea yasiyo na matokeo upande mmoja, tendo linaloacha alama upande mwingine. Kutokana na hilo tunapata kipimo cha kazi hizi kisichohesabu damu. Tuulize: kilichotendeka kinakumbukwa na nani, na kwa muda gani? Toleo linaloweza kujibu limekua. Lisiloweza limebadilisha nguo tu.

Kwa wenzangu wa idara ya lugha za Kiafrika ninapendekeza hatua inayofuata: kipimo hiki kijaribiwe katika lugha zenye viwango vingi vya wakati uliopita, kwa mfano Ciluba au Kibemba, ambamo msimulizi hulazimika kuchagua kama aliyekufa alikufa leo, jana au zamani. Huenda huko tukagundua kwamba kati ya hu- na -me- kuna ngazi ambazo Kiswahili hakituonyeshi.