MNYAMA WA ROBOTI NA BETRI YAKE
Mwongozo kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa klabu za sayansi

Kijitabu hiki hakiuzwi. Ukiambiwa uchangie fotokopi yake, usitoe hata shilingi.

Tumeanza na hilo makusudi. Mwananchi akisikia "utaratibu mpya shuleni" hufahamu "mchango mpya", na hatuwezi kumlaumu. Safari hii hakuna mchango. Yapo masharti machache, mengi ni mepesi, na moja tu ambalo ofisi yetu haitalilegeza kwa mtu yeyote, awe mkuu wa shule au mgeni rasmi. Sharti hilo linahusu betri. Utalikuta tena na tena humu ndani. Ukichoka kulisoma, ujue ndivyo tulivyokusudia.

KWA NINI SASA

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inataka mwanafunzi aoneshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Klabu nyingi za sayansi zimechukua njia nzuri: kumpa mtoto kazi ya kubuni mnyama wa roboti, kiumbe kidogo cha maboksi na nyaya kinachotikisika, kinachowaka macho au kinachogeuka kikiguswa. Watoto wameipenda. Malalamiko nayo yakafuata.

Wazazi wamelalamika kuambiwa wanunue boksi la vifaa kutoka nje ya nchi, ilhali mota ya gari bovu la kuchezea ingetosha. Walimu wamelalamika kupokea mbwa mzuri ajabu aliyeundwa na fundi redio wa mtaani, huku kazi ya mwanafunzi ikiwa ni kumbeba tu. Yote mawili yanakera. La tatu linatisha: wanyama hawa wanapelekwa nyumbani, nyumbani kuna mdogo wake mwanafunzi anayetambaa, na ndani ya baadhi ya wanyama hao kuna betri inayoweza kumuua.

Wapo walioshauri roboti zipigwe marufuku mashuleni. Ofisi ilikataa. Tulikaa, tukapima, tukaamua mtoto aendelee kubuni kwa usalama, na tunajivunia uamuzi huo.

SI LAZIMA KIWE CHA AJABU

Mzazi anayedhani roboti ni lazima iwe na kompyuta ndani aondoe hofu. Mnamo 1948 na 1949, mjini Bristol, Uingereza, mtafiti W. Grey Walter aliunda kobe wawili wa roboti, Elmer na Elsie. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na jicho la kuhisi mwanga, gamba lililohisi likigonga kitu, mota na valvu mbili za redio za wakati ule. Kwa vitu hivyo tu waliufuata mwanga, wakikutana na kizuizi waligeuka, na watu waliowatazama waliapa kwamba wana akili.

Miaka 50 baadaye, 1999, kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mbwa AIBO kwa yeni 250,000. Utengenezaji ulisimama 2006 na huduma ya matengenezo ikafungwa 2014. Wenye mbwa wakabaki wakitafuta spea kwa mbwa waliokwisha kufa, na mbwa hao wakafanyiwa ibada ya mazishi hekaluni. Tunalitaja hili kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mmoja anayetaka kujenga mnyama kwa kifaa ambacho fundi wa mtaa wake hajawahi kukiona. Kikiharibika, utakipata wapi?

ULIZA KWANZA, KATA BAADAYE

Hatua za usanifu ni chache: tafuta mwenye haja, mwulize, chora, tengeneza sampuli, jaribu, rekebisha, jaribu tena. Walimu wanazijua. Tatizo ni kwamba wanafunzi huanzia katikati. Mkasi unashikwa kabla swali halijaulizwa, halafu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ndipo daftari linajazwa kinyumenyume ili lifanane na kilichokwisha kutengenezwa. Tunawaambia wazi: mwalimu anayepitia madaftari hayo hukitambua kitendo hicho kwenye ukurasa wa kwanza. Mchoro usiofutwa popote ni mchoro uliochorwa mwishoni.

Mfano wa kuuliza vizuri ni Paro, sili mdogo mweupe aliyebuniwa Japani na Takanori Shibata, kazi iliyoanza 1993. Paro hutumika kuwaliwaza wazee, wakiwemo wenye maradhi ya kusahau. Mbunifu alijaribu pia mbwa na paka. Watu waliowashika wakawalinganisha na mbwa na paka wanaowajua, wakaona kasoro. Sili, ni wangapi wamewahi kumpakata? Hakuna wa kumlinganisha naye, kwa hiyo akapokelewa alivyo. Uamuzi huo ulitoka kwa watumiaji, haukutoka kwa mchoraji.

Mwanafunzi wa Tanga au Unguja atakayemwuliza bibi yake atapata jibu lake mwenyewe. Huenda bibi akasema mbwa hamtaki ndani, hata wa boksi, kwa sababu pale anaposalia hapaingii mbwa. Basi ni paka. Huenda akasema macho yasiwake, yatamshtua usiku. Yaandikwe. Huenda akasema vidole vyake vina baridi yabisi, hawezi kubonyeza kitufe kigumu. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa, maana ndilo litakaloamua swichi iwe ya namna gani.

Na swali ambalo wengi hawaulizi, ambalo kuanzia sasa ni la lazima: NYUMBA HII ANAISHI NANI MWINGINE? Ana umri gani? Anaweka vitu mdomoni?

PAKA ANAYENGURUMA

Huyu tumemweleza hapa kwa sababu anafaa kwa anayeanza na vifaa vyake vipo kila mtaa. Mwili ni boksi dogo la viatu vya mtoto, ngozi ni kipande cha blanketi kuukuu. Mota hutoka kwenye gari la kuchezea au kwenye deki mbovu ya DVD, ile mota ndogo inayosukuma trei. Kwenye mhimili wake chomeka kipande cha kifutio, lakini usikitoboe katikati, toboa pembeni. Mota ikizunguka, uzito ule wa upande mmoja huyumba, na boksi zima hutetemeka chini ya blanketi. Huo ndio mngurumo wa paka. Umeme unatoka kwenye betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, zilizopangwa kwa kufuatana ili zitoe volti 3.

Swichi iko mgongoni. Chukua vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu, kila kimoja na waya wake, na katikati yake weka sponji yenye tundu. Mkono ukipapasa, sponji inabonyea, aluminiamu zinakutana kwenye tundu, paka ananguruma. Mkono ukiondoka ananyamaza. Mwanafunzi akitaka macho, taa nyekundu ya LED iunganishwe pamoja na rezista ya takriban omu 100, la sivyo itaungua.

Sasa kaa utazame bibi akimpapasa. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Kijana alimjaribu kwa kiganja chake chenye nguvu, bibi anapapasa kwa wepesi. Sponji ni nene. Ipunguzwe, au tundu lipanuliwe. Akipunguza kupita kiasi, blanketi lenyewe linatosha kuibonyeza swichi, na paka atanguruma usiku kucha mpaka betri ziishe. Hapo atagundua kwamba alihitaji swichi ya kuzimia kabisa. Mizunguko hii ya kujaribu na kurekebisha ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayopewa alama. Paka aliyekubali mara ya kwanza anatutia mashaka.

Mzazi ruksa kushika boksi mtoto anapokata kwa wembe. Ruksa kumpeleka kwa fundi kutafuta mota. Kumtengenezea, hapana.

ONYO: BETRI BAPA

Betri bapa ni zile za mviringo, zinazong'aa, zinazotumika kwenye saa za mkononi, kalkuleta, rimoti za magari na kadi za kuimba. Nyembamba, nafuu, zinaingia popote, na kwa sababu hiyo wanafunzi wanazipenda. HAZIRUHUSIWI kwenye mnyama wa roboti wa klabu yoyote. Haziruhusiwi hata kwa macho tu. Haziruhusiwi hata kama zimegandishwa kwa gundi.

Sababu ni hii. Betri bapa kubwa, ya milimita 20, ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kukwama kwenye umio. Mate yanakuwa kama waya: umeme unapita, na upande hasi wa betri unazalisha kemikali kali inayounguza nyama. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Ndani ya saa 2 inaweza kuwa imekwisha kuleta jeraha kubwa, na kidonda kinaweza kuendelea kula hata baada ya betri kutolewa. Na msikilize hili wenye tabia ya kuwaachia watoto betri "zilizokufa" wachezee: betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo.

Nchi nyingine zimekwisha kushtuka. Australia iliweka masharti ya lazima yaliyoanza Juni 2022. Agosti mwaka huohuo Marekani ilipitisha Reese's Law, iliyopewa jina la mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyefariki 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Sheria hiyo inataka mahali pa betri pasifunguke kirahisi mikononi mwa mtoto: kuwe na haja ya bisibisi au kifaa kingine, au vitendo viwili tofauti vya mikono kwa wakati mmoja.

Sisi tumechukua ya bisibisi. Betri za AA za mnyama wako zikae kwenye kisanduku chenye mfuniko wa skrubu. Tepu nyeusi ya fundi umeme si mfuniko, mpira wa kufungia noti si mfuniko. Kabla mnyama hajatoka shuleni adondoshwe kutoka kimo cha meza, avutwe, atikiswe. Mfuniko ukiachia, anabaki shuleni. Betri za simu na za kompyuta zilizofumuliwa nazo ni marufuku. Zikitobolewa au nyaya zake zikigusana zinaweza kuwaka moto.

Mtoto akimeza betri, au ukishuku tu kwamba amemeza:

Usisubiri dalili. Mara nyingi huanza kama mafua: kikohozi, udenda, kukataa chakula. Wazazi wengine hupoteza siku nzima wakidhani ni kifua.

Usimtapishe. Usimpe chakula. Wengi wetu tumelelewa kusukuma mwiba wa samaki kwa tonge la ugali. Betri haisukumwi kwa tonge. Ndizi pia usimpe.

Nenda hospitali yenye X-ray, mara moja, na mlangoni tamka neno BETRI. Usiseme "kitu". Kwenye picha betri hufanana na sarafu, na daktari aliyeambiwa ndiye atakayetafuta duara la pili ukingoni, linaloitofautisha betri na sarafu. Kama ipo nyingine kama hiyo au pakiti yake, chukua.

Kipo kimoja tu cha kumpa: wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri asali mkiwa njiani, ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12: vijiko viwili vya chai (mililita 10) kila dakika 10, isizidi mara 6. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Na usichelewe hospitali kwa sababu ya kutafuta asali.

Betri iliyoingia puani au sikioni ni hatari ileile. Usitie matone ya dawa wala mafuta. Hospitali.

Tunarudia: HAKUNA BETRI BAPA.

NANI ANAHUSIKA

Utaratibu unahusu klabu zilizosajiliwa shuleni, kuanzia Darasa la Tano, kwa wanafunzi wenye fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi au mlezi. Shule zisizo na klabu zisome tangazo lililoko ubaoni kwa mkuu wa shule. Wenye kazi walizoanza kabla ya utaratibu huu wataruhusiwa kuzimalizia, isipokuwa zenye betri bapa.

SIKU YA MAONESHO

Siku klabu zitakapoonesha wanyama wao, mlangoni patakuwa na meza, mkaguzi na bisibisi. Kila mnyama atafunguliwa. Mwanafunzi atoe daftari lake la usanifu lenye majibu ya mtumiaji aliyemhoji, michoro pamoja na iliyokatwa, na maelezo ya angalau jaribio moja lililoshindikana. Asiye na daftari hataingia, hata kama mnyama wake anabweka. Atakayekutwa na betri bapa, betri itatolewa, itafungwa tepu pande zote mbili na kukabidhiwa kwa mwalimu. Mnyama atarudishwa kwa mwenyewe, na nafasi yake kwenye meza ya maonesho itabaki wazi mpaka mwisho wa siku. Rufaa hazisikilizwi mlangoni.