SOMO: Kadi ya Malipo ya Kabla na Bili za Nyumba Ugenini



Somo la robo hii limetokana na kosa letu wenyewe. Baadhi ya sharika zinaandaa vijana wa kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na kamati zao zimetuuliza kama fedha za kuanzia maisha ziwekwe kwenye kadi ya malipo ya kabla, yaani ile kadi ya benki inayojazwa fedha kwanza ndipo itumike. Mwaka 2023 tulifanya hivyo kwa binti wa usharika mmoja, na tunaona ni haki kueleza yaliyompata.

Fedha zile zilikuwa jasho la watu. Sehemu ilitoka kwa wahisani. Sehemu nyingine ilitokana na minada ya baada ya ibada: kuku, mayai na mikungu ya ndizi, Jumapili 4 mfululizo. Hatukutaka binti asafiri na fedha taslimu, hivyo tulimkatia kadi ya dola hapa nyumbani tukaijaza kodi ya miezi 2, amana ya chumba na fedha ya chakula. Kwenye kikao tulijifariji kwamba ni kama LUKU tu, unalipa kwanza unatumia baadaye, hakuna deni.

Hapo ndipo tulipokosea. LUKU tunaijua: unanunua umeme, unapewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, na zikiisha unakaa gizani bila kudaiwa na mtu. Ujerumani hesabu huenda kinyume. Kwa kawaida kampuni ya umeme hukadiria utatumia kiasi gani kwa mwaka, hukigawa kwa miezi, na kila mwezi huchukua fungu lake. Mwisho wa mwaka mita husomwa. Ukiwa umezidisha unaongeza, ukiwa umebakiza unarudishiwa. Kampuni haikungoji dirishani na kadi yako mkononi. Inakutumia fomu ya kuiruhusu ikate yenyewe kwenye akaunti yako, utaratibu ambao Wajerumani huuita Lastschrift. Fomu hiyo inadai IBAN, namba ya akaunti ambayo kwa Ujerumani huanza na herufi DE na kufikisha jumla ya herufi na tarakimu 22. Kadi yetu ilikuwa na tarakimu 16 usoni, na nyuma yake hapakuwa na akaunti ambayo kampuni ingeweza kuikata. Binti aliandika zile 16. Fomu ikarudi, na baada yake ikaja barua ya kudai yenye nyongeza ya gharama.

Kodi ya chumba nayo ilitutoa jasho. Kwa sheria ya huko kodi hulipwa kabla ya siku ya 3 ya kazi ya mwezi kupita, na mpangaji asiyelipa miezi 2 mfululizo anaweza kuvunjiwa mkataba papo hapo. Mwenye nyumba hakuwa na mashine ya kupokea kadi, wala hakutaka taslimu. Alitaka fedha iingie kwenye akaunti yake. Binti akaenda kwenye ATM. Kadi ilikuwa na kikomo cha kutoa kwa siku, na kila alipotoa ilikatwa ada. Shilingi zilikuwa zimegeuzwa dola, sasa dola zikageuzwa euro, na kila zilipogeuzwa zilipungua. Alituandikia ujumbe mfupi: "Shikamooni wazazi. Fedha ipo, naiona, ila hailipi."

Aliyemwokoa ni mtunza hazina wa usharika rafiki. Alilipa kodi na amana kutoka akaunti yake mwenyewe, na binti akamrudishia taslimu kidogo kidogo. Tunamshukuru Mungu kwa mama yule. Lakini hatukuwa tumemwomba wala kumwandaa, na binti tuliyempeleka kujifunza kuhudumia wagonjwa alianza safari yake akiwa mdaiwa wa mwenyeji wake.

Kumbe hata amana hatukuihesabu sawasawa. Sheria inazuia isizidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za ziada kama joto na maji, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu 3 ya kila mwezi. Sisi tuliijaza yote kwa mkupuo. Tena kulikuwa na ada ya redio na televisheni ya umma, ambayo kila makazi hutozwa hata kama hayana televisheni, iliyowekwa kuwa euro 18.36 kwa mwezi kuanzia Agosti 2021. Barua yake ilipofika binti alidhani ni ya matapeli, akaiweka kando. (Nasi tungeiweka kando.) Wanaokaa pamoja katika nyumba moja hulipa ada moja tu, jambo ambalo angelijua mapema angewauliza wenzake.

Dawa ilikuwa akaunti. Benki ya kwanza ilimwambia arudi akishapata cheti cha kuandikishwa makazi, kazi inayotakiwa kufanywa ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia. Ni mwenyeji wake aliyejua kwamba tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, inampa kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja huo haki ya kuomba akaunti ya msingi, Basiskonto, hata kama hana anwani ya kudumu. Benki inapaswa kujibu ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea maombi yaliyokamilika. Si ya bure, ada inaruhusiwa, lakini ina IBAN. Waliporudi na fomu hiyo mkononi, lugha ya dirishani ilibadilika.

Wanakamati wengi huogopa kuiachia kampuni ikate fedha yenyewe. Hata sisi tuliogopa. Lakini makato ya Lastschrift mwenye akaunti anaweza kuitaka benki yake iyarudishe ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu. Deni halali halifutiki kwa njia hiyo, ila kosa la kampuni hurekebishika, kinga ambayo taslimu haina.

Hatusemi kadi itupwe. Dukani inafaa, kwenye tiketi ya treni inafaa, na kwa siku za kwanza ni salama kuliko bahasha ya noti. Zipo pia kadi za Ulaya zinazotolewa pamoja na IBAN, na hizo zinaweza kulipa bili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 inakataza kampuni kuikataa IBAN kwa sababu tu ni ya nchi nyingine mwanachama. Ila tusiweke humo kodi ya mwaka mzima. Fedha ya benki hukingwa na bima ya amana hadi euro 100,000, na fedha ya kielektroniki ya kwenye kadi haimo katika bima hiyo. Juni 2020, kampuni ya Wirecard ya karibu na Munich ilipofilisika, mamlaka ya Uingereza ilisimamisha tawi lake la huko, na watu wengi wa kipato kidogo waliotegemea kadi zake wakakaa siku kadhaa bila kuweza kugusa fedha zao, hadi amri ilipoondolewa.

Kwa sababu hiyo tumebadili utaratibu. Kijana atakayeondoka atabeba kadi yenye chakula na nauli tu. Fedha ya kodi na amana itabaki kwenye akaunti ya mradi hadi atakapotuletea IBAN yake, na kwa mwezi wa kwanza tutaandikiana na usharika rafiki mapema, kwa barua yenye kiasi na tarehe ya kuwarudishia. Kamati zilizokwisha kuwakatia vijana kadi zilete nakala ya masharti ofisini, tusome pamoja ukurasa wa ada.

Kadi ya binti haitumiki tena. Kilichobaki ndani kilimalizwa na ada ya mwezi. Makato yote, ya kujaza, ya kubadili fedha na ya kutoa, tumeyaandika kwenye mstari wake peke yake katika taarifa ya fedha ya mradi, na kila usharika uliochangia umepelekewa nakala.