Sifa na Kujisifu: Lugha ya Maelezo Binafsi ya Mwombaji Kazi

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania humtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Nchini Kenya hati hiyo hufundishwa kwa jina la wasifukazi. Mitaani, pande zote mbili za mpaka, watu husema "sivii" na kuelewana. Makala haya yanachunguza lugha ya hati hiyo, hasa inavyomfaa au kumwangusha mhitimu ambaye hajapata kuajiriwa.

Sifa na wasifu

Maneno haya mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika Kiswahili, sifa ina maana mbili: hali inayokitambulisha kitu, ndiyo inayokusudiwa katika "sifa za mwombaji", na maneno ya kumtukuza mtu. Waombaji wengi hutoka katika maana ya kwanza wakaingia katika ya pili bila kujua. Ndipo huonekana "mchapakazi", "mwaminifu", "mwenye kujituma". Maneno hayo si lazima yawe uongo. Kasoro yake ni kwamba hayampambanui yeyote, kwani ni nadra mtu kuandika kuwa yeye ni mvivu.

Kujieleza mbele ya mwenye mamlaka si jambo geni katika jamii za Kiafrika. Katika majigambo ya Wahaya wa Kagera, shujaa alijikweza mbele ya mtawala kwa kutaja matendo yake. Hata hivyo, alijikweza mbele ya hadhira iliyoweza kumkanusha. Maelezo binafsi ya siku hizi yamerithi kujikweza, mara nyingi yakaacha matendo.

Kitenzi kinachoficha kazi

Tazama mifano hii miwili iliyobuniwa:

(a) Kuhusika na masuala ya ghala la chama cha ushirika.
(b) Kupokea mbolea, kuhesabu mifuko na kuandika leja ya ghala la chama cha ushirika, Novemba 2021 hadi Machi 2022.

Kitenzi "kuhusika" hakimwonyeshi mtenda wala tendo. Mlinzi wa mlangoni na meneja wote wawili "walihusika" na ghala. "Kushiriki katika" kina ila hiyo hiyo. Katika (b) kila kitenzi ni kazi ambayo mwombaji aweza kuulizwa katika usaili, naye akajibu.

Kazi na ajira

Kipengele kigumu ni uzoefu. Wahitimu wengi hukiruka, au huandika "Sina". Neno kazi limefinywa hapa hadi likawa sawa na ajira. Mhitimu wa biashara aliyeuza duka la mama yake kila likizo, akafuata bidhaa Kariakoo, akaandika madeni ya wateja katika daftari na kufunga hesabu kila jioni, amefanya kazi. Kadhalika aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, au aliyepitia mafunzo kwa vitendo na Jeshi la Kujenga Taifa. Mambo hayo yaandikwe kwa tarehe na vitenzi vyake, pasipo haya.

Sharti ni kuyaita kwa majina yake. Duka likigeuzwa "kampuni ya usambazaji" na muuzaji akawa "mkurugenzi", hapo ni kughushi. Mwezi Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Uhakiki ule ulihusu vyeti. Lakini matangazo ya Sekretarieti huonya kuhusu taarifa za kughushi kwa jumla, si vyeti peke yake.

Kulijibu tangazo

Hati moja inayotumwa kila mahali haimjibu mwajiri yeyote. Tangazo likitaja "kuandaa mihutasari ya vikao", aliyekuwa katibu wa kikundi atumie maneno hayo hayo, si "shughuli za ukatibu". Mchujo wa kwanza hulinganisha hati na masharti, na anayechuja hana wasaa wa kufasiri. Jambo hilo litangulie. Kazi za karibuni zitajwe kabla ya zile za zamani. Kurasa mbili zamtosha mhitimu mpya. Kabila na dini visitajwe.

Wadhamini huchaguliwa vibaya kuliko kipengele kingine chochote. Mwombaji hutafuta mwenye cheo, hali mwajiri hutafuta shahidi. Mwenyekiti wa kikundi aliyeisoma mihutasari ile anafaa kuliko mheshimiwa aliyesalimiwa mara moja harusini. Aombwe idhini kwanza, apewe nakala ya hati ili ajue kilichoandikwa, na namba yake ya simu ijaribiwe siku hati inapotumwa.