Fremu za Vioo Zimepauka? Sogea Tuongee

Mdogo wangu, kabla hujakimbilia dukani kununua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, toka nje kwanza ukaiguse hiyo fremu ya kioo cha gari iliyopauka. Pitisha ukucha. Weusi wote ule tunauona kama kitu kimoja, kumbe mlango mmoja unaweza kuwa na chuma kilichopakwa rangi, plastiki, na mpira unaobana kioo. Tena kwenye Toyota nyingi, ule weusi kati ya mlango wa mbele na wa nyuma si rangi kabisa, ni stika ya kiwandani. Ukiona inanyanyuka pembeni, usiipulizie rangi juu yake. Ipashe joto kwa draya ya nywele, ivute taratibu, futa gundi yote, ndipo ubandike nyingine au upake rangi.

Mpira usiupake rangi, nakuomba sana. Mpira hujikunja kila siku, na rangi ya kopo ikikauka huwa ngumu. Itapasuka na kubanduka vipande vipande. Uoshe kwa sabuni, upake dawa ya kutunzia mpira, basi. Kama umeshachanika, nunua mwingine, maana hapo hata mvua inaingia.

Kwenye chuma na plastiki, kinachoharibu kazi mara nyingi ni mafuta. Vijana wa kuosha magari hupenda kupaka fremu dawa ya kung'arisha matairi: leo nyeusi tii, baada ya siku chache imepauka vilevile. Dawa nyingi za namna hiyo zina silikoni, na rangi huikimbia silikoni. Utaona vishimo vidogo vya duara vimetapakaa kote. Msasa peke yake hauiondoi, unazidi kuisambaza. Kwa hiyo anza na sabuni, halafu futa kwa dawa ya kuondolea nta na silikoni na kitambaa safi, ukikigeuza mpaka kisitoke na uchafu tena. Hapo sasa piga msasa wa maji, namba 400 kisha 600. Si lazima ufike kwenye chuma kitupu, toa mng'ao na magamba tu. Penye kutu ndipo ushuke hadi chini, uweke praima ya chuma. Plastiki ina praima yake, usiichanganye na hiyo.

Tepu ya karatasi isukume iingie chini ya mdomo wa mpira kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Funika vioo, milango na paa, maana vumbi la rangi husafiri mbali.

Chagua nyeusi yenye mng'ao hafifu. Ile ya kumetameta hukaa kigeni mlangoni. Kwa Dar au Mombasa, fanya asubuhi, kivulini, bati likiwa bado la baridi. Jua la saa saba hukausha rangi ikiwa hewani, ikatua kama mchanga. Tikisa kopo vizuri, lishike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fremu, pitisha mkono bila kusita. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba hata uone mabaka, usihangaike kuyaziba. Subiri dakika 10 hivi, pitia tena, mara tatu inatosha.

Tepu itoe kabla rangi ya mwisho haijakauka kabisa. Vioo usivishushe siku hiyo, na gari lisioshwe wiki nzima.