Nehemia na Fomu ya Basari

Somo la vikundi vya nyumbani
Kusoma: Nehemia 2:1–8; Mwanzo 37:31–35; Mwanzo 42:13

Jumapili nilihubiri juu ya maombi ya Nehemia, na baada ya ibada vijana kadhaa waliomaliza kidato cha nne wakanizunguka na swali moja: Pasta, hii basari ya chuo tuombe Mungu ama tuombe CDF? Somo hili ni jibu langu. Nimelirefusha kidogo kwa sababu kuna jambo linalohusu sahihi yangu ambalo sikulisema madhabahuni.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alipata habari mbaya za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, na hakumwambia mfalme shida yake mpaka mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kufunga na kulia. Sehemu hiyo sisi Wapentekoste tunaielewa sana. Lakini angalia mfalme alipomuuliza anataka nini. Aliomba tena, ombi fupi la moyoni, halafu akaanza kutaja vitu kimoja kimoja. Akaomba ruhusa ya kwenda. Akasema atakaa muda gani. Akaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto wamwache apite. Akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba yake mwenyewe. Yaani mtu anayeishi ikulu ya Shushani alijua jina la anayetunza msitu! Kama alilipata kwa ndoto, Biblia haisemi. Mimi naona aliuliza watu.

Sasa kijana wa Ndhiwa ama wa Uriri, Asafu wako ni nani? Kwa wengi wetu wako wawili. Kuna kamati ya NG-CDF ya eneo bunge, mfuko ambao mizizi yake ni sheria ya mwaka 2003, na kuna basari ya kaunti ambayo maombi yake hupitia wadi. Migori ina maeneo bunge manane, Homa Bay pia manane, na kila ofisi ina tangazo lake na siku yake ya mwisho. Ukikaa Rongo usipeleke fomu Awendo eti kwa sababu mjomba anajulikana huko. HELB ni kitu kingine. Mkopo wa HELB ni deni, utalipa, hata kama jirani anauita msaada wa serikali.

Na pesa za basari si za mheshimiwa, hata kama picha yake iko kwenye hema siku ya kugawa hundi. Ni kodi. Mama anayeuza omena soko la Mbita ameichangia kila aliponunua sabuni. Kwa hiyo kijana anapoomba, anaomba kutoka kwa majirani zake. Hilo nitalirudia.

Kuhusu karatasi sitakaa sana, maana fomu yenyewe inasema inachotaka: kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa ama kitambulisho chako, matokeo, barua ya kujiunga na chuo, orodha ya karo, sahihi na muhuri wa chifu ama msaidizi wake, na kwa kawaida sehemu ya kiongozi wa dini. Fomu haiuzwi. Saibakafe watakutoza shilingi chache za kuchapisha, hiyo ni sawa, lakini mtu akisema lete elfu mbili jina lako lipite, huyo ni mwizi, muache. Kitu ambacho vijana wengi hawajui ni kwamba hundi huandikwa kwa jina la chuo, si kwa jina lako. Usipoweka namba yako ya usajili, ama ukibadilisha chuo bila kuiambia ofisi, pesa itakwenda mahali wewe hauko. Na hundi ikikaa miezi sita bila kupelekwa benki inakufa. Fuatilia. Yule mjane wa Luka 18 alirudi na kurudi mpaka hakimu akachoka. Ukishaipeleka chuoni, dai risiti.

Kuna nafasi ya kueleza kwa nini unahitaji msaada. Hapo ndipo watoto wetu wanaandika kwamba familia ni maskini, basi. Kamati ina rundo la fomu na zote zinasema hivyo. Nehemia alisema miti ya nini. Wewe andika: tuko watoto watano, wawili wako sekondari, mama anauza omena, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haitoki kwa hiyo wiki hizo hakuna mapato, karo ya muhula ni kiasi hiki, tumeweza kiasi hiki, bado kiasi hiki. Luka 14:28 inatuambia tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Mtu aliyehesabu, hesabu yake inaonekana kwenye karatasi.

Sasa jambo la sahihi yangu.

Mzazi mmoja aliniletea fomu ya binti yake. Msichana amefanya vizuri na ana nafasi ya chuo kikuu, naye ana hofu ya kweli kwamba ataipoteza. Kwenye sehemu ya baba palikuwa pameandikwa marehemu. Nilishtuka, maana baba huyo yuko hai. Anachimba dhahabu upande wa Macalder, anatuma pesa akipata, na mara nyingi hapati. Mama akanieleza bila kuficha: Pasta, yatima ndio wanapewa kwanza, na kila mtu anafanya hivyo. Aliniomba niweke sahihi tu, ya cheti cha kifo angejua mwenyewe.

Sikuweka. Na sitaweka kwa mtu mwingine yeyote, hata akiwa mzee wa kanisa. Najua watu wananiona mkali. Lakini kwanza, katika jamii yetu hata mtoto mdogo anajua kumwita mtu aliye hai marehemu si mchezo. Pili, soma Mwanzo 37. Ndugu zake Yusufu walipeleka kanzu yenye damu kwa baba yao, na mzee akaamini mtoto amekufa. Miaka mingi baadaye, sura ya 42, wako Misri wanaomba chakula, nao wanasema ndugu yetu mmoja hayuko tena. Wanamwambia nani? Wanamwambia Yusufu mwenyewe! Walikuwa wamesimama mbele ya mtu waliyemwandika marehemu, na yeye ndiye alikuwa na ghala.

Tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi. Kaunti hizi mbili zimezika wazazi wengi kwa sababu ya ukimwi, hatuhitaji mtu kutoka Nairobi kutuambia. Wako watoto hapa kanisani kwetu wanaoishi na nyanya, na cheti chao cha kifo ni cha kweli. Fungu la wadi haliongezeki kwa sababu fomu za yatima zimeongezeka. Ukichukua nafasi ya yatima kwa uongo, umemnyang'anya mtoto unayeketi naye benchi moja.

Yule mama tulikaa naye, tukaandika upya. Baba yuko hai, ni mchimbaji, hana mshahara, hii hapa hesabu ya nyumba. Chifu anajua ni kweli, na mimi niliweka sahihi kwa furaha. Majibu bado hayajatoka wakati ninaandika. Siwezi kumwahidi chochote.

Vijana wasifikiri habari hii imeanza na CDF. Tom Mboya, ambaye amezikwa Rusinga hapa kwetu, mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Nauli ilichangwa na Wamarekani, lakini nyumbani familia na majirani walichanga senti za matumizi. Na kila mwanafunzi alihitaji barua ya chuo kilichomkubali. Barua tena, kama Nehemia.

Kanisa nalo lina sehemu. Harambee ya wanafunzi wanaokwenda chuo tutaifanya baada ya mwezi huu, na hesabu itasomwa mbele ya wote, jinsi Paulo alivyojilinda katika 2 Wakorintho 8:20–21. Wenye fomu zinazohitaji sahihi waje ofisini na mzazi ama mlezi, Jumanne na Alhamisi jioni. Njoo na fomu iliyojazwa. Sitii sahihi karatasi tupu.

Kwa vikundi: someni Nehemia 2 kwa sauti, kisha kila nyumba yenye mwanafunzi itaje kiasi cha karo kinachobaki. Mkiona aibu kutaja, zungumzeni kwanza kuhusu hiyo aibu. Halafu muulizane: kama kamati ingepiga simu leo kwa jirani yako kuhusu fomu yako, angesema yale yale uliyoandika?