Mwongozo kwa Wapiga Dawa ya Ukungu: Kuilinda Tezi ya Thairoidi

Mfuko wa mankozebu, ule unga wa manjano unaopigwa kwenye nyanya na viazi kuzuia bakajani, huwa na ukanda wa kijani chini ya lebo. Wengi huuona kijani wakadhani dawa ni salama, wakaikoroga kwa mkono mtupu hadi kiwiko kikawa manjano. Ukanda huo huzungumzia sumu inayodhuru papo hapo. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, haimo.

Mankozebu ikivunjika hutoa kemikali iitwayo ethilini thiyorea. Hiyo huzuia kimeng'enya ambacho tezi hukitumia kutengeneza homoni kwa madini joto. Homoni ikipungua, ubongo huongeza TSH ili kuihimiza tezi. Ikihimizwa muda mrefu huvimba, ikawa rovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wapiga dawa wa nyanya nchini Mexico, waliobeba mabomba mgongoni bila kinga, ulikuta TSH yao imepanda. Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini ya mankozebu mwaka 2020.

Changanya dawa ya siku hiyo tu. Iliyolala kwenye bomba, hasa penye joto, huendelea kuvunjika na kemikali hiyo ikaongezeka. Kosa hili la kulaza dawa linaniuma zaidi, maana hufanywa na mtu anayeogopa kupoteza dawa aliyoinunua kwa shida. Koroga kwa mti. Vaa glavu za mpira, kwani za kitambaa hunywa dawa na kuigandisha ngozini. Vaa pia barakoa, ovaroli na mabuti. Bomba linalovuja lizibwe kabla ya kubebwa. Oga kabla hujampakata mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mjamzito asiiguse dawa hii, wala asifue nguo zilizolowa. Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hukua kwa homoni ya mama. Mwajiri ampe kazi nyingine kwa ujira uleule. La sivyo ataificha mimba asikose kibarua.

Nyumbani tumieni chumvi yenye madini joto, ili tezi ipate cha kutengenezea homoni.

Ukiona uchovu usiokwisha, baridi wakati wenzako wanatoka jasho, choo kigumu, hedhi nzito au shingo kuvimba, nenda hospitali uulizie kipimo cha TSH. Chukua lebo ya dawa, umweleze daktari umeipiga miaka mingapi.